Kwa nini dada yako yumo kwenye hati

Mwanangu Ambakisye,

Huku Tukuyu hatujambo, mvua tu ndiyo haitaki kukatika. Uliniuliza kwenye simu kwa nini nataka dada yako aandikwe pamoja nawe kwenye hati ya kimila, ile ya kumiliki ardhi ya kijiji, ya shamba la migomba, ilhali ameshaolewa Kyela. Ukasema haki za wanawake ni mambo ya Wazungu.

Wazungu gani, baba? Uswisi iliwapa wanawake wake kura ya kitaifa mwaka 1971. Mama zetu walikwisha piga kura 1965, na miaka kumi kabla ya hapo Bibi Titi Mohamed alikuwa akizunguka kuwaingiza akina mama TANU, chama kilichodai uhuru wetu.

Kura haikuwa taabu sana kwetu. Taabu ilikuwa ardhi. Tangazo la sheria za mila la 1963, tukiwa tumeshajitawala, lilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Holaria Pastory, mama wa Kihaya, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephrahim, ndugu yake, akaenda kumshtaki. Mahakama ya mwanzo ikayatengua mauzo yale, ya wilaya ikampa mama haki, kesi ikafika Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila ile inapingana na haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, hivyo mwanamke auze kama mwanaume anavyouza. Aliyeibana mila kortini ni mama wa kijijini, si mgeni kutoka Ulaya.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikafuata: mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Hata baraza la ardhi la kijiji, watu 7, lazima wanawake wasipungue 3. (Hapa kwetu hao ndio hawakosi kikao.)

Unasema ameolewa. Sawa, kwani wewe hukuoa? Na wewe ukiwa bweni, nani alikuwa akipalilia migomba hiyo na mama yako hadi jioni? Ada yako ilitoka kwenye mikungu ile.

Wapimaji wanakuja mwezi ujao. Nitumie picha zako za pasipoti na nakala ya kitambulisho. Za dada yako ninazo tayari.

Baba yako