Kufuta faili linaloanza na kistari
Ndugu, faili lako -ripoti.txt halifutiki hata ukilizungushia alama za kunukuu, kwa sababu Bash (programu inayopokea amri unazoandika) huziondoa alama hizo kabla ya kuikabidhi rm, yaani amri ya kufuta, jina lenyewe. Programu ikiona kistari mwanzoni hudhani umeipa maagizo: inasoma r, inasoma i, inakwama kwenye p. Andika hivi:

rm ./-ripoti.txt

Hiyo ./ maana yake "humu humu kwenye folda hii", kwa hiyo jina halianzi tena na kistari. Hata rm -- -ripoti.txt inafanya kazi, ila si kila programu inaielewa hiyo --, inayomaanisha "maagizo yameishia hapa". Na tafadhali sana, usizoee kutumia rm *, yaani "futa mafaili yote", kwenye folda yoyote: kukiwa na faili linaloitwa -rf, litasomwa kama agizo na folda za ndani zitafutika bila wewe kuulizwa.