Baba amevaa miwani: kalewa au haoni vizuri?

Swali: Shikamoo mwalimu. Baba alipewa miwani hospitali, nikaandika kwenye grupu la ukoo "baba leo amevaa miwani". Mjomba akanipigia anafoka, eti namtangaza baba kalewa. Sasa kosa langu nini, si nimeandika Kiswahili kabisa?

Jibu: Marahaba. Kosa huna, ila na mjomba hajakosea, maana kuvaa miwani ni nahau ya kulewa na aliyeizoea haanzi kufikiria vioo vya machoni alafu ndo aje kwenye pombe, anafika kwenye pombe moja kwa moja. Wengi tunadhani maana ya wazi ndo inatangulia kila mara, lakini Raymond Gibbs, mwanasaikolojia wa Marekani, kwenye utafiti wake wa 1980 alikuta nahau iliyozoeleka inaeleweka haraka kuliko maneno yaleyale yakitumika kwa maana yake ya wazi. Ona hata kuvunja jungu, Shaaban inaelekea mwisho watu wanaalikana kula na hamna anayeuliza jungu la nani limevunjwa. Na hilo "leo" lako ndo limeharibu kabisa, mwenye macho mabovu anavaa kila siku bwana, anayevaa leo tu ni yule mwingine.

Nahau nyingi hazitaki kuguswaguswa. Ongeza kitu, "baba amevaa miwani ya kusomea", ulevi umeondoka. Geuza, "miwani aliyovaa baba", umeondoka tena. Mzee amekata kamba ni msiba, ila ukisema kamba imekatwa na mzee basi tafuteni kamba nyingine. We ungeandika tu "baba kapewa miwani hospitali", yakaisha.

Ila kipimo hiki usikishike sana, kwenye "kula" kinayumba. Mtu anakula kona, lakini hamna anayesema kona imeliwa, wakati hela za mchango zikipotea utasikia kabisa "hela zetu zimeliwa" na wala hafikirii mtu meno. Mi naona ni kwa sababu hapo kula lenyewe limeshabeba maana ya kumaliza kitu, halitegemei neno moja linaloandamana nalo, ndo maana linazunguka kotekote: friji linakula umeme, foleni inakula muda, mwenyekiti anakula michango.