Kabla ya kuutoa mwaka wako, piga hodi kwanza

Juzi baada ya ibada vijana wawili wa kwaya yetu walinifuata. Wamemaliza chuo, wanataka kuingia kwenye mpango wa huduma na uongozi wa mwaka mmoja: mnakaa nyumba moja, mnapewa posho ndogo, mnafanya kazi mitaani. Waliniuliza kama watapoteza mwaka. Mwaka huo niliupitia hapa hapa Unguja mjini. Nendeni, wadogo zangu, ila msiende kama tulivyokwenda sisi.

Tulikuwa wanne, wote wa kutoka bara. Wiki ya tatu tukaamua kuzibua mtaro wa kichochoroni kwetu kabla ya masika kukolea. Kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, hatukwenda, na hakuna jirani tuliyempigia hodi. Tulishika mabeleshi tu, tukaimba na kuchimba mpaka mchana, tope tukalirundika ukingoni. Usiku wa pili mvua ikashuka. Tope lilirudi lote, na maji machafu yakaingia kwa bibi mmoja jirani. Tulimkuta ameinama anayachota kwa kopo, mswala wake umelowa, umetundikwa kambani. Hakutugombeza. Alisema, "Wanangu, si mngeniuliza? Tope hutolewa Jumanne jioni, Jumatano gari la taka linapita."

Mwezi uliofuata tulitoa tope Jumanne. Kijana wa mtaani, Mwislamu, ndiye aliyetupanga, sisi tukabeba ndoo.

Siku hizi nikipita Mkunazini, penye kanisa kuu la Anglikana hapa mjini, humfikiria aliyelijenga, mmisionari Mwingereza Askofu Edward Steere. Jiwe la msingi la kanisa lile liliwekwa mwaka 1873, pale palipokuwa soko la watumwa. Lakini hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na watu wa hapa zilikwisha kuchapishwa tangu 1870. Alisikiliza kwanza, akajenga baadaye.

Mipango ya namna hii ina umri. Kule Marekani, Jesuit Volunteer Corps, mpango wa kujitolea wa Wajesuiti wa Kanisa Katoliki, ilianzia Alaska mwaka 1956. Kinachochosha huwa si kazi ya nje, ni nyumba. Nani kamaliza gesi, nani kala mchuzi uliowekwa, nani hajafua zamu yake. Sisi tulikaribia kuvunjika kwa sababu ya pesa ya umeme. Kilichotuokoa ni kikao cha Jumamosi usiku, kila mtu anasema lililomkera mbele ya mwenyewe, kisha tunasali pamoja. Mtu asiyeweza kuambiwa kosa lake na mwenzake wa chumbani, mimi simkabidhi kundi la watu.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, ulizeni mlezi wenu ni nani na anaishi wapi. Posho inatoka tarehe ngapi, na kodi ya nyumba analipa nani? Ulizeni pia kama kazi ipo tayari na ina wenyewe watakaoiendeleza mkiondoka, au mnatakiwa kuibuni mkifika. Wakiwaambia mkaibuni, tafuteni mpango mwingine. Na mkisikia chakula au dawa vinatumiwa kuwavuta watu kanisani, kataeni. Jirani akitaka kujua imani yenu atauliza mwenyewe, wetu waliuliza.

Mkishapokewa, siku ya kwanza nendeni kwa sheha na barua ya mchungaji. Ikiwa ni Ramadhani, nendeni asubuhi, watu hawajachoka na funga.