Viungo vya yaliyomo kwenye msaada wa programu: maswali yenu

Nimetengeneza programu ya SACCOS. Yaliyomo kwenye msaada nimeyapanga kama menyu ilivyo: Faili, Hariri, Ripoti, Zana. Mhasibu bado ananipigia simu kila mara. Tatizo nini? (Msomaji, Morogoro)

Menyu mhasibu anaiona tayari, ndugu yangu. Anafungua msaada kwa sababu amekwama: ameingiza marejesho ya mkopo kwenye akaunti ya mwanachama mwingine, na kesho mwezi unafungwa. Aanzie wapi, "Hariri" au "Zana"? Hajui, ndiyo maana anashika simu. Mwekee kiungo kinachosema "Marejesho yaliyoingia akaunti isiyo yake", na ukikibofya kikupeleke moja kwa moja kwenye hatua za kurekebisha. Sura zipange kwa kazi zake: wanachama, akiba, mikopo, kufunga mwezi. Maelezo ya menyu yapeleke mwisho, kwa anayeyahitaji.

Na simu zake zina faida kubwa. Kila akipiga, andika swali kwa maneno yake mwenyewe. Hayo ndiyo majina ya viungo unayoyatafuta, na huwezi kuyapata ukiwa umekaa peke yako na msimbo wako.

Viungo vyangu vyote vinaanza na "Jinsi ya". Mwenzangu anataka niyaondoe maneno hayo. (Mombasa)

Yaondoe. Msomaji hapitii orodha neno kwa neno. Jicho lake linashuka upande wa kushoto likitafuta jambo lake. Likikuta "Jinsi ya" kutoka juu hadi chini, halina pa kushika. Tena safu ya yaliyomo huwa nyembamba, hasa kwenye simu, na neno lenye maana ndilo linalokatwa. Badala ya "Jinsi ya kusahihisha tarehe ya mkopo", andika "Tarehe ya mkopo: kusahihisha". Kisha kichwa cha ukurasa kiwe na maneno yale yale ya kiungo. Mtu akibofya hiki akakuta kile, anadhani amepotea, anarudi nyuma.

Ngazi ngapi za yaliyomo (sura, kisha kurasa zake) zinatosha?

Mbili, tatu ikibidi sana. Muhimu zaidi ni msomaji ajue yuko wapi: kiungo cha ukurasa uliofunguliwa kikolezwe, na sura yake ibaki wazi. Usitegemee rangi peke yake. Weka pia alama ya HTML aria-current="page" kwenye kiungo hicho, ili asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini naye aambiwe.

Nikibofya kiungo, kichwa cha sehemu kinajificha chini ya utepe wa juu.

Kwenye CSS (maagizo ya mwonekano wa ukurasa), vipe vichwa scroll-margin-top inayozidi kidogo urefu wa utepe huo. Basi.

Nilibadilisha kichwa kimoja, viungo vilivyokuwa vikielekea hapo vikafa. (Kisumu)

Zana nyingi huunda id (jina la sehemu ambalo kiungo hulielekea) kutokana na maneno ya kichwa: "Kufunga mwezi" inakuwa kufunga-mwezi. Ukigusa kichwa, id inabadilika. Andika id yako mwenyewe, fupi, na usiiguse tena hata kichwa kikibadilika mara kumi. Kuna watu wameshatumiana anwani hiyo kwenye WhatsApp, na wana haki ya kuikuta inafanya kazi.

Msaada wetu ni faili la .chm (kurasa za msaada za Windows zilizofungwa kwenye faili moja). Kwa mteja yaliyomo yanaonekana kushoto, lakini akibofya, upande wa kulia ni peupe. (Dodoma)

Viungo vyako ni vizima. Windows huzuia kurasa za faili la aina hiyo likitoka kwenye intaneti. Mteja abofye faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, achague Properties, aweke tiki kwenye Unblock, kisha OK. Kama faili liko kwenye folda ya mtandao wa ofisi, alinakili kwanza kwenye kompyuta yake. Lakini .chm ni mfumo wa mwaka 1997. Kwa toleo lijalo ningewashauri mwandike kurasa za kawaida za HTML, zinazofunguka hata kwenye simu ya mhasibu.