Mwanangu, Jumamosi Usinipigie

Ngamiani, Tanga
Novemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, na mguu wa bibi yako umepoa kiasi cha kujikongoja mwenyewe mpaka barazani.

Ujumbe wako kutoka huko Madison, Marekani, nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza: "Mama, hivi mtu anapataje rafiki wa hapa hapa? Tangu Agosti nafundisha Kiswahili, wanafunzi wananipenda, majirani wananitabasamia, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunigongea mlango. Nikitaka kucheka namtafuta Mkenya au Mtanzania mwenzangu." Sikukujibu siku ile kwa sababu sauti yako ilinitia unyonge, nikaona bora nikuandikie kwa kituo.

Mimi nimefundisha miaka mingi, lakini sijawahi kufundisha ugenini. Ninachokijua kuhusu mwalimu mgeni nilikiona nikiwa upande wa wenyeji. Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 14, tunakaa Barabara ya 12. Nyumba ya pili kutoka kwetu alihamia mwalimu wa hesabu kutoka Uingereza, binti wa umri wako wa sasa, amekuja kujitolea sekondari. Kila akipita barazani kwetu bibi yako alimwambia, "Karibu, mwalimu." Naye hujibu "Asante sana", akatabasamu, akaenda zake kujifungia. Ikapita miezi. Bibi yako akaanza kusema yule binti ana maringo, akaribishwe mara ngapi? Kumbe mwenzetu huko ndani analia. Baadaye, Kiswahili kilipomkaa mdomoni, alitueleza kwamba kwao mtu akikutaka nyumbani hukutajia siku na saa. "Karibu" yetu aliidhani salamu tu, akawa anangoja mwaliko wenyewe. Sisi tunangoja apande barazani, yeye anangoja atajiwe siku.

Sasa wewe yamekupata yale yale kwa upande wa pili. Umelelewa pa hodi hodi, mlango wazi, anayepita anakula. Mwalimu mwenzio wa idarani alipokuambia "tuonane siku moja tunywe kahawa" ukangoja akupitie, hakuja, ukaniambia watu wa Madison ni waongo. Mimi siamini hivyo. Nadhani hiyo ndiyo "karibu" yao, na inangoja mtu wa kuipa siku. Akikuambia tena, mjibu pale pale: "Jumatano baada ya kipindi, saa kumi, itakufaa?" Kwetu kumbana mtu hivyo ni kukosa haya. Huko ndiyo hodi, nayo hupigwa wiki moja kabla. Na ile "u hali gani" wanayoisema huku wanatembea, itikia uende zako, usiihesabie deni.

Nirudi kwa yule mwalimu. Mwaka ule sukari na sabuni vilikuwa vya kupangia foleni. Siku moja alirudi mikono mitupu kutoka duka la ushirika, akasimama barazani kwetu ameshika bilauri, uso umemwiva, akaomba sukari. Bibi yako alimpimia nusu bilauri kutoka kwenye kopo alilolificha uvunguni. Tangu siku hiyo neno maringo sikulisikia tena. Mtu ameshakuomba sukari, utamwitaje mgeni?

Kesho yake alipoileta bilauri ina machungwa mawili juu yake (alishaambiwa na watoto kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu), alimkuta bibi yangu mimi kwenye mkeka anasuka ukili. Akauliza, akakalishwa. Mwanangu, binti aliyekuwa akijaza ubao mzima hesabu bila kutazama daftari, vidole vilimkataa kabisa! Ukindu wa zambarau ulimtia rangi mpaka kwenye kucha. Akiruka njia moja tu, bibi anaupokea ukili, anaufumua taratibu mpaka pale alipokosea, anamrudishia mkononi bila kusema neno. Watoto wa miaka saba walimpita. Akaja kesho, akaja na keshokutwa, kila siku baada ya alasiri. Shuleni tulimwogopa kidogo. Pale kwenye mkeka alikuwa wa mwisho darasani na kila mtu alikuwa na kitu cha kumwelekeza, hata mimi, na ndipo tulipompenda. Alipoondoka baada ya miaka miwili alichukua mkeka wake mmoja, umepinda upande, na bibi yangu alilia mchana kutwa.

Ndiyo maana nimezipima siku zako kama unavyonisimulia. Asubuhi unafundisha. Mchana unasahihisha. Jumanne jioni unasimamia meza ya mazungumzo ya Kiswahili, na ukialikwa mahali ni kueleza utamaduni wetu na kufundisha watu kufunga khanga. Kila anayekujua huko anakujua kama mtu wa kuulizwa. Lini wewe umemuuliza mtu kitu? Tafuta mahali ambapo wewe si mwalimu, mama. Mahali ambapo huwezi, na mwenyeji anaweza.

Unaye yule mama wa ghorofa ya chini ambaye, ulivyonisimulia, hufuma sweta akingoja nguo zake kwenye mashine ya kufulia. Ulisema humwamkia tu. Nenda na sindano na uzi, mwambie hujui hata kuanza, na kweli hujui. Mkono wako ukikosea mwachie afumue. Baiskeli nayo, umesema mji wote unapanda baiskeli kama Tanga yetu. Basi muulize mtu wa huko inapandwaje kwenye barafu. Na hilo ziwa lenu la Mendota, ambalo likiganda watu hutembea juu yake na kuvua samaki kwa kutoboa tundu, mjomba wako wa Sahare mpaka leo hajaniamini. Wakienda, omba uende nao. Vaa vizuri tu.

Wenzako wa Kenya na wa kwetu usiwaache, ndugu ni ndugu. Lakini wasikumalizie jioni zote saba. Na wanafunzi wako waache wawe wanafunzi mpaka uwe umeshawatolea alama.

Kuhusu ule mwaliko wa Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya mwezi huu, unaotaka kuukataa kwa ajili ya nyama: usiukatae. Mwambie mwenye nyumba mapema kwamba wewe ni Mwislamu, bata mzinga wao hutamla, na viazi na mboga vinakutosha. Uliza ule nini na ulete nini. Wali wa nazi unaujua, hata kwa tui la kopo utatoka, ila chumvi usitie kwa haraka kama kawaida yako. Ukimaliza kula ingia jikoni, ukaoshe vyombo na wenyewe. Wakikuambia wewe mgeni kaa, usikae.

Limebaki moja, na kuliandika kumenichukua siku mbili. Jumamosi saa mbili usiku nakaa na simu mapajani nakungoja. Tangu huko walipovuta saa nyuma tumepishana saa 9, kwa hiyo kwako ni saa tano ya asubuhi. Ndiyo saa watu wako katika lile soko la wakulima karibu na jengo la bunge la jimbo, ambalo baridi ikikaza huhamia ndani, na wewe umejifungia chumbani unaongea na mimi mpaka adhuhuri. Jumamosi usinipigie tena. Nenda sokoni, nunua kwa muuzaji yule yule kila wiki, muulize hicho usichokijua kinapikwaje.

Nipigie Jumapili. Bibi yako nimeshamwambia, kanuna kidogo, kisha akaniuliza huyo mama wa chini anaitwa nani. Nikashindwa kumjibu. Jumapili uje na jina lake.

Mama yako