Uliza Tukujibu: Apu ipi ya orodha ya manunuzi inafaa nyumbani kwetu?

SWALI: Habari za kazi. Nyumbani tuko watu wazima watatu na wote tunanunua vitu vya ndani. Tunatumiana orodha WhatsApp ila inamezwa na stori nyingine, mwisho wa siku wawili wananunua sabuni na maziwa hakuna aliyekumbuka. Nikaingia stoo ya apu nitafute ya orodha ya manunuzi, nimekuta zimejaa na zote zinajisifia, kila moja nyota nne na kitu. Mimi na mume wangu tunatumia Android, wifi yangu ana iPhone. Tuchukue ipi? *Mama wa simu tatu*

JIBU: Dada, kabla sijataja apu hata moja nikuulize kwanza, kati yenu watatu nani mvivu kuliko wote kushika simu kwa mambo ya nyumbani? Huyo ndo anachagua. Wewe unayeandika barua utatumia chochote, tatizo ni yule ambaye akiambiwa fungua akaunti, thibitisha imeili, weka paswedi, subiri tangazo liishe, anafunga anarudi kwenye voisi nouti za WhatsApp, na orodha ambayo mmoja haiangalii haina tofauti na orodha ambayo haipo.

Kwa hiyo kwanza kabisa inatakiwa ifanye kazi Android na iPhone. Hapo Reminders, ile apu ya Apple ya vikumbusho, imeshatoka, na kiukweli inauma kidogo maana tangu iOS 17, mfumo wa iPhone wa mwaka 2023, ina aina ya orodha ya manunuzi inayojipanga yenyewe kwa makundi, ila kushirikiana ni wenye Apple tu. Pili muangalie mwenzako anaingiaje. Google Keep, apu ya Google ya nouti na orodha, kwa mfano inataka kila mtu awe na akaunti ya Google, nyie wawili wa Android bila shaka mnazo tayari, wifi yeye aipakue tu kwenye iPhone yake aingie na Gmail yake kama anayo.

Sasa kuna jambo ambalo wanaosifia hizi apu hawaligusi kabisa, lugha. Zile zinazojipanga zenyewe, yaani unaandika kitu inakipeleka penyewe kwenye matunda au vya usafi, zimefundishwa kwa lugha chache. Ukiandika "maziwa" au "dawa ya meno" kuna uwezekano mkubwa ikatupa yote kwenye kundi la mengineyo, afu unabaki unajiuliza mbona kwenye matangazo ilikuwa na akili. Kama unaandika Kiswahili, na sioni kwa nini usiandike, tafuta inayokubali uiambie mwenyewe kitu fulani kinakaa kundi fulani na ikakumbuka. OurGroceries inafanya hivo, AnyList pia. Mara ya kwanza utachoka kupanga kitu kimoja kimoja, baada ya hapo ukiandika maziwa yanaenda yenyewe panapotakiwa. Na ni kazi yenye faida hasa kama mnanunua kwenye duka kubwa, maana makundi ukiyapanga kwa mpangilio wa rafu unazozipita unatembea mara moja, hurudi nyuma kufuata chumvi.

Kitu cha tatu ni netiweki. Ndani ya maduka mengi netiweki inakuwa ya kubahatisha, kuta nene, au duka liko chini ya ardhi. Kabla hamjaanza kuitumia jaribuni hivi, simu mbili ziwekeni hali ya ndege, fungueni orodha ile ile, wewe weka tiki kwenye mayai, mumeo aweke kwenye mafuta na aongeze kitu kipya, afu washeni netiweki zote mbili muone. Ikibeba mabadiliko yote matatu, hiyo ni apu. Ikifuta ya mmoja au ikikataa hata kufunguka bila intaneti, iondoe siku hiyo hiyo, wala usiangalie ina rangi nzuri kiasi gani.

Afu iangalie ukiwa umeshika kapu mkono mmoja. Dole gumba linafika kwenye kiboksi? Ukikosea ukatiki kitu ambacho hujachukua, kinaenda wapi? Zingine kinapotea moja kwa moja, na hiyo ni hatari, hujui tena kama ulinunua au ulifuta. Keep inakishusha chini kikiwa na mstari juu yake unakiona, na wiki inayofuata unaondoa tiki zote kwa mkupuo, orodha inarudi mpya huandiki tena sukari, chumvi, sabuni. Kwa mimi hicho kidude cha kuondoa tiki kina thamani kuliko mapishi, picha na grafu zote zinazouzwa kwenye hizi apu za kulipia.

Ukinisukuma nitaje basi anzeni na Keep, haina gharama na haina makelele. Mkiona mnataka makundi ya rafu hamieni OurGroceries, ya bure ina matangazo ila inavumilika. Bring! ya Uswisi ni nzuri kwa mtu anayependa picha, unabonyeza picha ya kitu badala ya kuandika, lakini ukiweka kitu ambacho hakipo kwenye orodha yake utamu wa picha unapungua. Na tafadhali msiweke tatu kwa pamoja mkasema mtalinganisha, mtaishia kuwa na orodha tatu zote nusu nusu.

Moja la mwisho kwako dada, kubalianeni jinsi ya kuandika. "Mayai" peke yake ni ugomvi unaosubiri, andikeni "mayai trei 1". Hapo apu haiwezi kuwasaidia.

SWALI: Kaka mambo. Nimepakua apu moja ya orodha ya manunuzi imeniomba kamera, maikrofoni, loketisheni na majina yote kwenye simu. Hivi orodha ya nyanya inahitaji kujua niko wapi na namjua nani? *Mwenye wasiwasi*

JIBU: Poa sana. Wasiwasi wako una maana, ila tuzitenganishe. Maikrofoni ni ya kutaja vitu kwa sauti badala ya kuandika. Kamera ni ya kuskani msimbo wa mistari kwenye pakiti. Loketisheni ni ili ikukumbushe ukiwa karibu na duka. Majina ya simu ni ya kualika watu, na hilo ndo ningelikataa la kwanza maana mtu wa kumualika unaweza kuandika imeili yake mwenyewe. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 unaweza kukubali ruhusa moja ukakataa nyingine, na kuanzia Android 10 ya 2019 loketisheni unairuhusu wakati unatumia apu tu. Kataa zote kwanza. Apu iliyotengenezwa vizuri itaendelea kuandika orodha kama kawaida na itaomba kamera siku utakapobonyeza kuskani. Inayogoma kufunguka mpaka upewe majina ya watu, achana nayo.

Na hapo kwenye kuskani wengi wanadanganyika kidogo. Ule msimbo wa tarakimu 13 kwenye pakiti ya kiwandani hauna bei ndani yake, ni namba ya kuitambulisha bidhaa tu, bei iko kwenye kompyuta ya duka. Kwa hiyo ukiskani, apu inaenda kuangalia hifadhi yake kama inaijua hiyo namba, isipoijua unaandika jina mwenyewe, na bidhaa za viwanda vidogo mara nyingi haizijui.

Kwa nini watu wanaitaka orodha yako? Kwa sababu inaongea. Nepi saizi ndogo inasema una mtoto mchanga, ukiacha sukari ghafla ukaanza vitu vya wagonjwa inasema zaidi ya hapo, na matangazo yanaanza kukufuata. Kabla ya kupakua shuka chini kwenye ukurasa wa apu, App Store wameweka maelezo ya faragha tangu Desemba 2020 na Google Play wakafuata 2022, utaona wanakusanya nini na wanampa nani. Usiyameze mazima tu, anayejaza yale maelezo ni mwenye apu mwenyewe.

SWALI: Apu ikifungwa orodha zangu zinaenda wapi? Nina za safari, za sherehe, za kila mwezi. *Mpenda orodha*

JIBU: Zinaenda nayo, kama hukuzitoa mapema. Wunderlist ilikuwa apu ya orodha inayopendwa sana, Microsoft wakainunua 2015 na Mei 2020 wakaifunga, watumiaji wakaambiwa wahamie Microsoft To Do. Wale walipewa muda na njia ya kuhamisha, apu iliyotengenezwa na mtu mmoja tu inaweza isikupe hata hiyo. Siku ya kwanza tafuta kama kuna sehemu ya kutuma orodha kama maandishi, ile ndefu ya kila mwezi jitumie kwenye imeili. Ya Keep unaitoa kupitia Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua vitu vyako. Na kama unafikiria kulipia, lipia mwezi kwanza, mwaka mzima uache mpaka uone familia inaitumia kweli.

SWALI: Shikamoo. Mama yangu ndo anajua nini kimeisha jikoni ila anatumia simu ya kitochi na hataki kusikia habari ya smatifoni. Nimuunganisheje? *Kitinda mimba*

JIBU: Marahaba. Mama usimsumbue, abaki na simu yake. Akutumie SMS, moja inabeba herufi 160, kwa vitu vya siku moja zinatosha kabisa. Wewe ikopi, ibandike kwenye nouti ya Keep, kila kitu kikae mstari wake, afu chagua kuonyesha viboksi, kila mstari unageuka kuwa kitu cha kutiki. Ukiwa njiani kwenda dukani mpigie tena kabla hujaingia, maana akina mama wanakumbuka la mwisho wakati simu inakatwa, na hilo unaliongeza mwenyewe kwa dole.