Mchoro wa breki ukifaulu, kuna haja ya kupima tena?

SWALI: Shikamoo fundi. Mwanangu yuko chuo hapa Mbeya. Anasema siku hizi programu ya breki haiandikwi kwa mkono: mhandisi anachora visanduku na mishale, kompyuta inaandika msimbo yenyewe. Sasa kama mchoro umejaribiwa ukafaulu, kupima tena si kuchoma hela?
Mama mwenye Hiace, Uyole

JIBU: Marahaba, mama. Kijana hajakudanganya, ila kaishia njiani.

Mwaka jana kijana ninayemfundisha kazi hapa Mwanjelwa alichora mfumo mdogo wa kusoma kasi. Kwenye kompyuta ulikwenda vizuri mpaka kilomita 160 kwa saa. Tukaupakia kwenye kiprosesa, ile chipu inayoendesha programu, tukapandisha kasi taratibu: 126, 127, mara -128. Gari linarudi nyuma! Kijana akanitazama kama kaona jini.

Kisa ni hiki. Kwenye mchoro namba ilikuwa na nafasi tele. Kwenye kiprosesa tuliipa biti 16, yaani nafasi 16 za sifuri au moja, huku kila kilomita ya kasi tumeikata vipande 256. Namba hiyo huishia 32,767. Gawanya kwa 256, hufiki 128. Ikizidi hapo, inarukia mwanzo wa upande wa hasi, ndiyo ile -128. Mchoro ulikuwa sawa, mashine nayo iliandika ilichoambiwa. Ukubwa wa namba nilichagua mimi.

Ndiyo maana viwandani data zilezile hulishwa kwenye mchoro, kwenye msimbo, kisha kwenye kiprosesa, majibu yakalinganishwa. Baadaye kontroo boksi yenyewe, yaani kompyuta ya breki, hufungwa kwenye mashine inayojifanya gari, waya ukakatwa makusudi bila mtu kuumia. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa mifumo ya umeme na elektroniki ya magari, ISO 26262, kilichotoka 2011 na kupitiwa upya 2018, hupanga hatari kwa madaraja A hadi D. D ndiyo kali kuliko zote, na breki mara nyingi huangukia huko.

Yote yakifaulu, mama, tumejua tu kwamba programu inatii ilichoandikiwa. Na kama kilichoandikwa hakitoshi? Kwenye changarawe, tairi lililojifunga husukuma kifusi mbele yake, na kifusi hicho husaidia kusimamisha gari. ABS, mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge, inaliachia tairi lizunguke, kwa hiyo gari laweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Usukani unao, msimbo hauna kosa hata moja. Hilo hulioni kwa kulinganisha mchoro na msimbo. Lazima gari liingie barabarani, na mimi ningewapeleka Makete vijijini, si kwenye lami tu.

Mlete kijana Jumamosi. Kiprosesa bado kiko mezani, na ile -128 sijairekebisha.